Chemchemi ya Dubai: mahali pa kusimama na nyimbo za kusubiri

Miongoni mwa vivutio vya Dubai nilivyopata kuviona, hakuna kilichonifurahisha kuliko Chemchemi ya Dubai, ile mitambo inayorusha maji juu kwa kufuata nyimbo, na mtazamaji wake hatozwi hata dirham moja. Nasema hivi nikiwafikiria hasa wenzetu wanaofika mji ule kwa shughuli nyingine: mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekwenda Deira kufunga mzigo, msafiri anayesubiri ndege ya kesho yake, mama aliyekwenda kumjulia hali mwanawe anayefanya kazi huko. Wengi wao husikia sifa za chemchemi hii, hupanda teksi hadi Dubai Mall, jengo kubwa la maduka lililo kando yake, husukumana na watu ukingoni kwa dakika chache, hurekodi video kwa simu iliyoinuliwa juu ya vichwa vya walio mbele, kisha huondoka wakiamini kwamba wamekwisha kuiona. Huwa wameona wimbo mmoja tu, tena kutoka mahali ambapo sehemu kubwa ya maji haionekani vizuri. Chemchemi hii inamtaka mtu aitengee jioni nzima na achague vizuri pa kusimama, na tathmini yangu yote inategemea mambo hayo mawili.

Kwanza nieleze kitu chenyewe. Chemchemi ilizinduliwa Mei 2009, miezi michache kabla ya mnara wa Burj Khalifa ulio kando yake kufunguliwa Januari 2010, na imejengwa ndani ya ziwa la kuchimbwa lenye ukubwa wa takriban hekta 12, katika mtaa ulioendelezwa na kampuni ya Emaar. Mitambo yake imepangwa kwa urefu wa mita 275, katika miduara mitano ya ukubwa tofauti na matao mawili, na maji yake yanaweza kurushwa hadi mita 150 kwenda juu, ambao ni urefu wa jengo la ghorofa hamsini hivi. Humulikwa na taa zipatazo 6,600 pamoja na projekta 25 za rangi. Waliobuni ni kampuni ya WET ya California, ile ile iliyotengeneza chemchemi za hoteli ya Bellagio huko Las Vegas zilizofunguliwa mwaka 1998, na aliyewahi kuziona za Bellagio atatambua mara moja kwamba amekutana na ndugu yao mkubwa. Aprili 2025 chemchemi ya Dubai ilifungwa kwa ukarabati, ikafunguliwa tena Oktoba ya mwaka huo huo. Kwa hiyo msomaji aliyeambiwa na waliokwenda katikati ya kipindi hicho kwamba ziwa ni kavu asivunjike moyo.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi mapema ni kwamba onyesho moja ni wimbo mmoja. Maonyesho ya jioni huanza saa kumi na mbili na kuendelea kila baada ya nusu saa hadi saa tano usiku, na kila moja huchukua dakika tatu hadi tano, yaani muda wa wimbo kuanza na kwisha. Baada ya hapo maji hutulia, taa huzimwa, na ziwa hurudi kuwa ziwa. Mtu asiyejua utaratibu huo hudhani burudani imeisha, au hudhani amepunjwa, akaenda zake wakati nyimbo nyingine nane au tisa zingali zinakuja, kila moja ikiwa na mpangilio wake wa maji usiofanana na uliotangulia. Yako pia maonyesho mawili ya mchana, lakini siwezi kumshauri mtu aende kwa ajili hiyo peke yake, kwa sababu jua kali la Dubai humeza taa zote na kuyaacha maji meupe dhidi ya mbingu nyeupe. Bora kufika kabla ya magharibi, mbingu zikiwa bado na wekundu, ili kuona namna mwanga wa taa unavyopata nguvu kidogo kidogo kadiri giza linavyoingia.

Nilikwenda na mke wangu, watoto wetu, na kaka yake ambaye ni mkazi wa Sharjah kwa miaka mingi na ndiye aliyekuwa mwenyeji wetu. Tulipotoka kwenye mlango wa Dubai Mall unaoelekea ziwani, nilianza kupenya umati ili nishike nafasi kwenye vyuma vya ukingo, naye akanishika mkono. “Usikimbilie mbele, shemeji. Mbele utaona maji. Huku nyuma utaona mchezo.” Watoto hawakukubali, nasi tukawafuata hadi ukingoni kwa wimbo wa kwanza, na sijutii kwamba tulianzia pale, kwa kuwa ukingoni kuna mambo ambayo hayapatikani kwingine. Mtu husikia mtambo kabla ya kuona chochote: kuna mfoko wa hewa chini ya maji, halafu mistari ya povu huchomoza juu ya ziwa kama mashina ya mianzi, na ghafla mishindo mikubwa inayorusha maji juu kabisa humpiga mtazamaji kifuani hata kabla sikio halijaitambua. Upepo ukielekea upande wenu, manyunyu huwafikia, na kwa watoto hilo lilikuwa tukio la usiku mzima.

Hata hivyo, shemeji alisema kweli. Mita 275 ni urefu usioweza kuingia machoni mwa mtu aliyesimama karibu. Ukiwa ukingoni unaona vizuri mduara ulio mbele yako, na ili kuona kinachotokea mwishoni kulia au kushoto inabidi ugeuze shingo, na ukigeuza shingo unapoteza ulichokuwa unakiangalia. Mpangilio wa nyimbo hizi unategemea sana mawasiliano baina ya ncha hizo: wimbi huanzia upande mmoja, likapita kwenye matao, likazunguka miduara na kujibiwa na wimbi la upande wa pili. Kwa aliye karibu, yote hayo ni maji mengi yanayoruka, na ndiyo maana wako watu wanaorudi wakisema kwamba ni kubwa lakini haina maana.

Kwa wimbo uliofuata tulihamia kwenye daraja linalounganisha Dubai Mall na Souk Al Bahar, jengo la maduka na migahawa lililo upande wa pili, kisha tukavuka kabisa na kusimama ng’ambo, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu husema kwamba maji yale yanacheza. Kutoka kule miduara huonekana kuwa miduara, na mnara wa Burj Khalifa, wenye urefu wa mita 828, huingia katika mandhari yale yale, kiasi kwamba hata maji yanapofika juu kabisa jicho hukumbushwa kwamba bado hayajafika hata robo ya jengo. Kati ya onyesho na onyesho, uso wa mnara wenyewe huwaka kwa taa za picha zinazotembea, kwa hiyo nusu saa ya kusubiri si ukiwa kama mtu anavyoweza kuhofia. Daraja hujaa haraka, na walinzi huwaomba watu wasisimame katikati ya njia. Anayetaka nafasi pale afike dakika ishirini mapema, au avuke moja kwa moja kwenda upande wa Souk Al Bahar ambako watu huwa wamepungua.

Nadhani furaha ya mtazamaji huongezeka akijua kidogo namna mitambo inavyofanya kazi, maana hapo huanza kutofautisha aina za maji. Zile nyuzi laini zinazoyumba, kujikunja na kuzunguka hutoka kwenye roboti zilizo majini ambazo midomo yake huweza kuelekezwa kila upande, nazo ndizo zinazobeba sauti ya mwimbaji na vyombo vya polepole. Mirusho ya ghafla ni kazi ya mitambo mingine inayotumia hewa iliyoshindiliwa: maji huingia kwenye mtungi, hewa huachiwa kwa mara moja, na maji yote hupaa kwa mpigo. Mitungi hiyo ikishafyatuka huhitaji muda wa kujazwa upya, na kwa sababu hiyo mirusho mikubwa kabisa haitumiwi ovyo. Huwekwa akiba kwa ajili ya kilele cha wimbo. Kuna ugumu mwingine ambao nilipoufikiria ulinifanya niwaheshimu zaidi wapangaji wake. Maji yanayopanda mita 150 huchukua sekunde kadhaa kufika juu, na sekunde nyingine kadhaa kuanguka, wakati noti ya muziki inafika papo hapo. Kwa hiyo ili maji yafike kileleni pamoja na sauti ya mwimbaji, kompyuta lazima iyafyatue kabla sauti hiyo haijatoka, na ili ziwa liwe limetulia wimbo unapoisha, lazima iyasimamishe kabla ya mwisho. Katika usiku ule wote sikuona mahali ambapo maji na muziki vilipishana kwa namna ya kuudhi. Inaelezwa kwamba mitambo yote ikifanya kazi kwa pamoja, lita zipatazo 83,000 huwa hewani kwa wakati mmoja. Ukiwa umesimama pale na kusikia mzigo huo ukirudi ziwani, namba hiyo haikushangazi tena.

Kuhusu nyimbo, orodha yake ni pana, na hiyo ni sifa kubwa. Ziko za Kiarabu, ziko za Kihindi, ziko za Kimagharibi za zamani na za sasa, na mchanganyiko huo unafanana na watu waliosimama kuzitazama. Kwangu mimi za Kiarabu zilikuwa bora kwa mbali. Pengine ni kwa sababu masikio yangu yamelelewa na taarab, na mtu aliyezoea fidla na ganuni zinazojibizana na mwimbaji hutambua haraka pale maji yanapofanya kazi ile ile ya kuitika: nyuzi za pembeni huinama kumsikiliza mwimbaji, kisha huinuka zote pamoja anapovuta pumzi. Nyimbo za Kimagharibi zenye mdundo mzito huwa na vishindo vingi na hupendwa zaidi na umati, lakini niliona kwamba zinatumia nguvu ya mitambo kuliko akili yake. Wimbo wa taratibu ndio unaopima chemchemi, kwa kuwa hauna kelele ya kuficha kasoro.

Hapa lazima niseme neno kwa wasomaji wa Kiswahili hasa. Miongoni mwa nyimbo zilizowahi kuchezewa na chemchemi hii ni Baba Yetu, Sala ya Bwana iliyotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin mwaka 2005 kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, na ambayo mwaka 2011 ilishinda tuzo ya Grammy, ya kwanza kutolewa kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa aina hiyo. Usiku wetu haikupigwa, na nilisikitika, ingawa nilijua kwamba mtazamaji hana uwezo wa kuchagua. Niliwahi kuona video yake kabla ya safari, na ninakumbuka jinsi kwaya inapoingia ndivyo duara la katikati linavyofunguka, maji yakapanda kwa ngazi kila mstari wa sala unaporudiwa. Katika mji ambao maelfu ya watu wanaozungumza Kiswahili wanafanya kazi, wanafanya biashara, na wengine wamezaliwa na kukulia humo, si jambo dogo kwamba lugha yao iliwahi kutikisa ziwa lile mbele ya mataifa yote. Natamani wimbo huo upigwe mara kwa mara, na natamani zaidi uongezwe wimbo wa taarab asilia wenye ala zake zote, kwa sababu nina hakika muziki ule ungekaa vizuri juu ya mitambo hii kuliko nyimbo nyingi za dansi nilizozisikia.

Sasa niseme kuhusu kulipa. Ziko njia kadhaa za kuitazama chemchemi kwa fedha, na nitaanza na ile iliyonikatisha tamaa. Tulikuwa tumeagiza meza katika mgahawa mmoja wa kando ya ziwa, ambao sitautaja jina, kwa ahadi kwamba tungekaa kwenye baraza mbele kabisa. Tulipofika tulipewa meza ya ndani, nyuma ya nguzo, na tukaambiwa kwamba meza za mbele zina kiwango cha chini cha matumizi kwa kila mtu, jambo ambalo halikutajwa tulipoagiza. Chakula kilikuwa cha kawaida, bei haikuwa ya kawaida, na katika nyimbo tatu zilizopigwa tukiwa pale tuliona migongo ya wahudumu kuliko maji. Siwezi kuihukumu migahawa yote kwa huo mmoja, kwani upande wa Souk Al Bahar ipo yenye baraza za juu ambako wateja walionekana kutazama bila kizuizi chochote. Ninachoshauri ni kwamba anayetaka kula akiangalia maji aulize kwa maandishi mambo mawili kabla ya kuagiza: meza iko wapi hasa, na kiwango cha chini cha matumizi ni kiasi gani. Asipopata majibu ya wazi, ale kwanza katika ukumbi wa vyakula ndani ya Dubai Mall, ashibe, kisha atoke nje akiwa na mikono mitupu na moyo mweupe.

Mashua za abra ni jambo tofauti. Hizi hufuata muundo wa zile zinazovusha abiria kati ya Deira na Bur Dubai kwa nauli ndogo, lakini hapa mtu hulipia tiketi ili azungushwe ziwani na kuwa majini wakati wa onyesho. Ni tukio la kupendeza kwa wachumba na kwa watoto, kwa kuwa maji huonekana yakiinuka kutoka usawa wa macho. Lakini lile tatizo la ukaribu nililolieleza hapo juu huzidi ukiwa kwenye mashua, kwa hiyo ningemshauri mtu apande abra baada ya kwanza kuona angalau wimbo mmoja kutoka mbali, ili ajue anachokikaribia. Anayepanda ghorofa ya 124 ya Burj Khalifa naye ataiona chemchemi kutoka juu, na miduara yake huonekana waziwazi kama mchoro. Ila muziki na kimo cha maji, ambavyo ndivyo roho ya onyesho, hubaki chini. Ipo pia roshani ya duka la Apple ndani ya Dubai Mall, ambayo haina malipo na hutazama ziwa moja kwa moja, lakini hujaa mapema mno kiasi kwamba niliona afadhali kubaki nje.

Hali ya hewa iangaliwe kwa makini kuliko bei. Kuanzia Novemba hadi Machi jioni za Dubai ni za kupendeza, na mtu anaweza kusimama saa tatu bila kuchoka. Julai na Agosti, hata baada ya jua kuzama, joto lenye unyevu humlemea mtu haraka, na wazee na watoto wachanga wasisimamishwe nje kusubiri nyimbo. Heri wakae ndani penye ubaridi na kutoka dakika tano kabla ya kila onyesho. Upepo ukizidi, maonyesho huweza kusimamishwa. Katika mwezi wa Ramadhani ratiba ya jioni hubadilika, hivyo anayekwenda wakati huo asitegemee saa nilizozitaja bali aulizie siku hiyo hiyo. Waislamu hawatapata taabu ya swala, kwani vyumba vya kuswalia vimo ndani ya Dubai Mall, vya wanaume na vya wanawake, na muda kati ya nyimbo mbili unatosha kwenda, kuswali na kurudi ikiwa mtu hakuhamia mbali sana. Kwa wenye viti vya magurudumu, njia ya kando ya ziwa ni tambarare na pana. Shida yao itakuwa umati, na kwa hiyo siku za katikati ya juma zinawafaa zaidi kuliko Ijumaa au Jumamosi.

Umati hupungua sana baada ya saa nne usiku, familia nyingi zinapoondoka na watoto, na nyimbo mbili au tatu za mwisho ndizo zilizonipa nafasi ya kusimama nilipotaka. Anayeweza kuvumilia usingizi asikose saa hiyo. Ila apange mapema namna ya kurudi, kwa kuwa foleni ya teksi baada ya onyesho la saa tano huwa ndefu, na metro siku nyingi hufunga karibu na saa sita usiku. Kutoka Dubai Mall hadi kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall kuna ujia uliofunikwa, wenye ubaridi na mikanda ya kusafirisha watu, unaopita mita 800. Kwa mwendo wa familia ni vyema kuutengea robo saa au zaidi. Hapo treni za Mstari Mwekundu humfikisha abiria kwenye vituo vya BurJuman na Union bila kubadilisha, na anayelala karibu na Baniyas Square hushukia Union na kupanda Mstari wa Kijani kwa kituo kimoja tu.